Baba Alipofungiwa Ndani ya Kombi

Mume wangu alikuwa fundi seremala pale Mugumu, na mikono yake ilitosha kutulisha kama isingekuwa ugonjwa wake wa kupenda magari ya ajabu. Gari zima, la kawaida, halikumvutia. Alikuwa na pikipiki ya magurudumu matatu isiyowaka, na kigari ambacho milango yake ilifunguka kinyume. Kisha kule Robanda wasafiri Wazungu wakaharibikiwa na kombi lao la kulala, wakalitelekeza kambini, wakarudi kwao kwa ndege. Mume wangu alitengeneza vitanda na kabati za kambi ile, na wenye kambi wakamlipa kombi lile.

"Mama watoto, lina kitanda," aliniambia siku alipolifikisha nyumbani likisukumwa. "Lina jiko. Lina hata kikaro cha kuoshea vyombo!"

"Vitanda unatengeneza mwenyewe," nikamjibu. "Na jiko ninalo."

Miaka ile sabuni tulikuwa tunaiota tu, na sukari tuliipangia foleni duka la ushirika. Yeye alikuwa anazunguka akiulizia fanibelti ya kombi, mpaka likawaka.

Mdogo wangu alipokuwa anaolewa kwetu Gorong'a, niliomba twende kwa lori la pamba, tufike kama watu. Akakataa. Tukaondoka na kombi Ijumaa alfajiri, na kila mlima tulisimama kulinywesha maji. Tulipovuka Mto Mara likazima kabisa. Nilisukuma nikiwa na kitenge changu kipya mpaka viatu vikakatika. Mwishowe kaka zangu wakapata habari, wakaja na maksai wa kulimia, wakalifunga kamba, tukaingia nyumbani kwa baba tukivutwa na ng'ombe. Mume wangu alikaa kwenye usukani, akiwapungia watu mkono.

Baba alikuwa mfugaji, mzee wa maneno machache. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku macho yake yakiwa kwenye kombi.

"Mura," akamwita mkwewe, kama Wakurya wanavyomwita kijana wa kiume, "mwanamume anapikaje ndani ya gari?"

Nilifurahi. Nikajua baba atamweka sawa.

Kesho yake, Jumamosi, wakati tunawasubiri watu wa bwana harusi waje kumchukua binti, baba akasema ajaribu kile kitanda, apumzike kidogo. Mume wangu akamfungia mlango ili kuku wasiingie, akavuta mapazia. Kisha akaona kitasa kinakwaruza, akakifungua ili akipake mafuta. Kulikuwa na springi ndogo ndani ya kitasa kile. Ikaruka kwenye majani, ikapotea. Milango ya mbele nayo haikufaa kitu, kwa sababu alikuwa ameipigilia misumari tangu Mugumu ili isifunguke njiani. Sisi tulikuwa tunaingilia ule wa ubavuni.

Wageni wakafika na nyimbo. Baba yuko ndani. Mume wangu amepiga magoti, anapekua majani.

"Vunja kioo!" nikamwambia.

"Kioo hiki? Nitakipata wapi kingine?"

"Baba yangu je, nitampata wapi mwingine?"

Mama akakaa chini, akajifunika uso kwa kanga. Kwa mila zetu binti haondoki bila baraka ya baba, na watu wa bwana harusi walianza kunong'ona kwamba mzee ameghairi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ndipo pazia likasogea. Baba akafungua kidirisha kimoja cha pembeni, kipana kama sahani, akatoa kichwa. Hakuonekana mtu mwenye shida.

"Leteni togwa," akasema.

Tukampa kibuyu. Mdogo wangu akasogea, akainama chini ya dirisha, na baba akampulizia togwa kutoka kinywani, kama wazee wetu wanavyobariki, akamwombea uzazi na amani, sauti yake ikitoka ndani ya bati kama ngoma. Vigelegele vikapasuka. Binti akaondoka. Baba akarudisha pazia, akalala tena.

Walimtoa jioni, baada ya kung'oa misumari ya mbele. Nilisubiri amfokee mkwewe. Badala yake akamshika bega.

"Mura, hili usiliuze. Usingizi wake ni mzuri."

Jumapili wote wawili walishinda wamelala chini ya injini, matumbo wazi. Lilipowaka ilikuwa imeshapita saa nane mchana, na siku hizo Jumapili saa hiyo magari yalikuwa yamepigwa marufuku barabarani. Tukalala tena. Mimi nililala nyumbani kwa mama. Wao nadhani mnajua walipolala.

Jumatatu nilifika shuleni, nilikokuwa nafundisha, wanafunzi wakiwa wanatawanyika. Mwalimu mkuu alikuwa ananisubiri mlangoni. Nikamweleza yote kwa hasira: kitanda, kikaro, kamba, maksai, kitasa.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hicho kikaro," akauliza, "maji yake yanatokea wapi?"