Makaburi Yaliyofutwa Kwenye Ramani ya Hoteli

Saa tatu asubuhi, na Mama Pasi anatengeneza choo. Si choo chenyewe, ni kibao chake: bati dogo la alumini litakalobandikwa mlangoni, lenye mchoro wa mwanamke aliyesimama. Analifuta vumbi, analaza juu yake karatasi yenye picha, anaibana kwa utepe, kisha analisukuma ndani ya mashine ya joto na kuvuta mpini chini kwa nguvu mpaka vioo vya dirisha la karakana vinalia.

"Choo cha wanawake," anasema bila kumtazama mwandishi wa makala haya. "Kesho cha wanaume. Ndiyo adhabu yangu. Andika hivyo."

Jina la Mama Pasi alipewa na wenzake kwa sababu ya mashine hiyo. Inafanya kazi kama pasi: joto na uzito huitoa picha kwenye karatasi na kuizamisha ndani ya bati, na ikishazama haitoki, sugua upendavyo. Kwa miaka kumi na moja amekuwa akizamisha ramani za vita vya kale. Ndiyo, vita. Siku hizi wenye pesa wanazitaka ukutani, ofisini na sebuleni. Mishale myekundu huku, mishale ya buluu kule, jeshi hili likilizunguka lile. Zinang'aa, hazipati kutu.

"Wengine wananiuliza kama ipo inayofanana na pazia lao," anasema. "Watu walikufa pale, wao wanawaza pazia!"

Mwaka huu hoteli moja mpya iliagiza bati kubwa la ukumbi wa chakula. Ramani iliyochaguliwa ilichorwa na jeshi lililoshinda vita vya kilimani, na kilima hicho Mama Pasi anakijua, maana mama yake alizaliwa pale. Chini ya kilima mchoraji aliweka vidoti vyeusi na kuandika pembeni: makaburi. Leo ukienda hapo hukuti hata jiwe, ni shamba lililolimwa likalimika. Katika vidoti hivyo amelala babu wa mama yake pamoja na ndugu na majirani zake.

Mpambaji wa hoteli akaja, akaitazama ramani kwenye kompyuta, akakunja uso. Eti makaburi yatawaondolea wageni hamu ya chakula. Yafutwe. Na maandishi yote yafutwe pia, yanachafua ukuta.

"Nikamwambia, dada, hao ni watu wangu. Akanijibu, 'Mama yangu, haya ni mapambo tu.' Mapambo! Nikamwuliza, picha ya marehemu baba yako nikiikata kichwa kwa sababu hakiendani na kochi, utaniambia ni mapambo?"

Bosi wa karakana ndiye aliyejibu, baada ya kumvuta fundi wake pembeni. Hoteli ni mteja mkubwa, akamwambia, asije akakalia kuti kavu kwa ajili ya vidoti. Ama avifute na kuibonyeza ramani, ama ahamie kwenye vibao vya milango, ambako malipo ni nusu. Mama Pasi ana chumba cha kulipia kodi na mama mzee wa kutunza. Alijua vizuri anachopoteza. Akavua glavu, akaziweka mezani.

"Nikamwambia, bosi, futa mwenyewe. Mkono wangu huu? Ng'o!"

Bosi akafuta mwenyewe, akabonyeza mwenyewe. Sasa, kazi hii ina jambo moja ambalo mtu hufundishwa kabla hajapewa glavu. Karatasi hulala kifudifudi juu ya bati, kwa hiyo picha lazima igeuzwe kwanza kwenye kompyuta, kama inavyoonekana kwenye kioo. Usipoigeuza, kushoto kunakuwa kulia. Bosi, aliyezoea kupokea simu, alisahau.

Mwandishi alikwenda hotelini kujionea. Bati liko ukutani, pana kama kitanda cha watu wawili, limemulikwa taa. Mto unapita upande usio wake. Jeshi lililoshinda linatokea upande ambao, kwa maelezo ya Mama Pasi, una jabali ambalo hata mbuzi hapandi. Na kwa kuwa hakuna neno hata moja lililobaki, hakuna aliyeshtuka. Watu wanapiga nalo picha. Mhudumu alipoulizwa ni vita gani, alitabasamu. "Vya zamani, mkuu. Nikuletee nini?"

Jamani!

Mama Pasi alipoelezwa haya alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha hasira ikapanda upya.

"Mlima wote umegeuka na bado wanakula. Kumbe hawakuwa wakiuangalia tangu mwanzo. Sasa watu wangu walikuwa wanamkera nani?"

Kilio huanza mfiwa, naye ameamua kuanza. Amenunua bati lenye mkwaruzo ambalo lingetupwa, na bosi, pengine kwa aibu, amemruhusu kutumia mashine Jumamosi mchana. Ramani itakuwa ile ile, vidoti vikiwa mahali pake, ila safari hii kila kidoti kitakuwa na jina. Anataka kulifunga kwenye nguzo ya chuma kando ya shamba lile.

"Mwenye shamba hajakubali. Atakubali. Nitakaa mlangoni kwake mpaka anichoke."

Majina anayo mama yake, aliyeyapokea kwa bibi yake na ambaye sasa haoni vizuri. Wanaishi chumba kimoja. Mzee ameketi kitandani, miguu ameinyoosha, anayataja polepole huku binti yake akiandika. Wameomba yasitoke gazetini kabla hayajatoka kwenye bati.

Kwenye kidoti cha mwisho mzee anasita.

"Huyo alikuwa mchanga. Walikuwa hawajampa jina."

"Basi nifanyeje, mama? Nimruke?"

"Umruke?" Sauti ya mzee inapanda. "Kwa hiyo yule mpambaji ulimgombeza kwa nini? Andika mtoto. Na yeye alikufa."

Mama Pasi anainamia karatasi, anaandika: mtoto.