Mzee Aliyeomba Kufagiwa

Siku yangu ya kwanza kazini Marekani nilitolewa kwenye mstari kabla ya saa nne asubuhi, si kwa uvivu, ila kwa kuuliza. Ilikuwa Jeffersontown, pembeni ya Louisville, ghala la vipuri vya magari. Nilitaka kujua kila kifuniko tulichopakia kinakwenda kwenye gari gani na kinafanya nini. Supavaiza wa zamu, Mkongo mwenzangu kutoka Bukavu, akanivuta kando. "Mama Riziki, huku hakuna kuuliza-uliza. Funga makartoni." Bon, nikafunga makartoni miaka miwili. Lakini mtu aliyezaliwa na ulimi wa kuuliza, hata umpe kazi ya kuchimba kaburi, atauliza ni la nani.

Mgongo uliponikataa nilihamia Columbus, nikasomea kutunza wazee. Ninyi vijana mnaoanza leo mnaandika kwenye simu. Sisi tulikuwa na daftari la zamu, ambamo mtunzaji anaandika mgonjwa amekula nini, ameenda choo mara ngapi, amesema nini. Tulijifunza kumgeuza mtu kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia, na kumwinua kwa mkanda wa kiunoni bila kumvunja wala kujivunja. Nesi Mkuu aliyetufundisha, mama mkali asiyecheka ovyo, alikuwa akigonga daftari kwa kidole. "Andika ulichoona na ulichosikia. Ulichofikiri, kaa nacho." Nilifaulu mtihani, na hayo maneno nikayasahau.

Mwanangu alipopata kazi Buffalo nilimfuata, na huko ndiko nilikofanya kazi hadi kustaafu. Mratibu wa watunzaji alinipeleka mtaa wa Riverside, nyumba ndogo karibu na mto, kwa Mzee Earl, mgane aliyekuwa askari ujanani. Alikuwa na saratani ya damu. Binti yake, Donna, alikuja kila Jumapili, akasoma daftari langu na kutia sahihi chini ya kila ukurasa. Ameniruhusu kusimulia haya. Bila ruhusa yake nisingefungua mdomo, maana siri ya mgonjwa ni sheria.

Mzee alikuwa mcheshi, akinitania kwamba chai yangu ina sukari ya kuita nyuki. Ila alikuwa na jambo moja. Kila tulipotoka kuota jua uani, wakati wa kurudi alisimama barazani, mikono ameinyoosha pembeni, haingii ndani. "Nifagie kwanza," anasema, akionyesha ufagio.

Jamani, kwetu Uvira mtu hafagiwi. Ufagio ukimgusa hata mguu tu, umemtukana na umemwitia mkosi. Nimfagie mzee wa watu, tena mgonjwa? Nilikataa. Nilimbembeleza, nikamvuta, na kuna siku alisimama kwenye baridi hadi midomo ikabadilika rangi. Na mimi niliyeuliza kila kitu Jeffersontown, hapo sikuuliza. Niliandika: "Leo amechanganyikiwa." Kesho yake: "Amechanganyikiwa tena." Miezi minne hivyo. Mratibu akanipigia simu kunisifu kwamba naandika vizuri. Daktari akaongeza dawa ya kumtuliza, mzee akawa analala mchana kutwa, na Donna akaanza kutafuta nyumba ya wazee waliopoteza kumbukumbu, zile ambazo mlango hufunguliwa kwa namba ya siri.

Siku moja dawa ilichelewa, akili yake ikawa wazi. Nilikuwa namnyoa. Akaniuliza natoka Afrika ya wapi hasa, nikamwambia Kongo. Akanishika mkono wenye wembe.

"Unajua kwamba bomu la kwanza la atomiki lilitengenezwa kwa jiwe la kwenu?"

"Jiwe gani?"

"Urani. Lilichimbwa Kongo."

Shuleni tuliimba shaba ya Katanga na almasi ya Kasai, lakini jiwe hilo hakuna mwalimu aliyelitaja. Nikaweka wembe chini. "Na wewe umejuaje?"

Akanieleza. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Walipelekwa jangwani Nevada, wakaingizwa kwenye handaki, wakaambiwa wafumbe macho na kufunika uso kwa mikono. Bomu la majaribio likalipuka. Macho yakiwa yamefumbwa, aliona mifupa ya vidole vyake. Kisha wakaamriwa kutembea kuelekea kule lilikolipukia, na waliporudi, askari wenye mifagio wakawafagia mabega, mgongo na viatu, ndipo wakaruhusiwa kupanda lori.

"Walikuwa wanafagia nini?"

"Vumbi."

"Vumbi la nini?"

"Hawakusema. Tulicheka tu, tukafagiwa. Mtoto wangu wa kwanza aliishi siku kumi na moja. Mke wangu alikufa akidhani kosa lilikuwa tumboni mwake."

"Hukumwambia?"

"Niliapa. Walisema atakayetoa siri atafungwa."

"Mbona mimi umeniambia?"

"Jiwe lilitoka kwenu. Wewe umo tayari."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Mchana huo nilimtoa uani, na aliporudi nilichukua ufagio nikamfagia kama alivyotaka, huku nikimwomba Mungu anisamehe. Akaingia mwenyewe, bila kuvutwa. Kesho yake nikamuuliza afisa wa ustawi wa jamii wa kliniki, bila kutaja jina: askari wa zamani akisema aliyoyaona kwenye majaribio ya mabomu, atafungwa kweli? Akasema katazo hilo liliondolewa miaka mingi iliyopita.

Nilipompelekea Mzee Earl habari hiyo, aliniuliza, "Mbona hakuna aliyenipigia simu?" Akalia kwa hasira hadi nikaogopa atashindwa kupumua.

Jumapili alimwambia Donna yote, naye akayarekodi. Mpango wa ile nyumba ya kufungiwa ukaishia hapo. Wakaandikia ofisi moja ya serikali. Hakutaka pesa. Alitaka karatasi moja iseme kwamba alikuwepo, akaisome kwenye kaburi la mke wake. Ofisi ikaomba mafaili yote ya matibabu, daftari langu likiwamo, tukayapeleka kwa furaha. Tukangoja majira yote ya baridi. Theluji ilipoanza kuyeyuka akafa, kitandani kwake, ameshika mkono wa binti yake.

Jibu lilikuja baada ya mazishi. Donna aliniita jikoni kwake akanisomea. Jalada la kikosi cha baba yake halikuonekana. Na maelezo yake mwenyewe hayakubaliki, kwa kuwa daftari la watunzaji lilionyesha kwa miezi mfululizo kwamba mgonjwa alikuwa amechanganyikiwa.

Nilitamani kunyamaza, nikashindwa. "Donna, neno hilo ni langu. Hakuchanganyikiwa. Nilidhani tu, nikaandika."

Akavua miwani. "Nililisoma kila Jumapili," akasema. "Na chini yake kuna sahihi yangu."

Hatukulaumiana. Afadhali tungelaumiana.

Sasa nimestaafu. Vijana wa kanisani hunijia kuuliza kama kazi ya kutunza wazee inafaa. Nawaambia inafaa, ingawa magoti yatawalalamikia, na wazee watawapenda kuliko mnavyodhani. Lakini ulizeni. Mtu akiomba jambo la ajabu, kaa chini umuulize sababu, hata mila yako ikikataa. Mimi sikuuliza. Nani angedhani siri ya jeshi la Marekani ingelindwa na mwanamke wa Uvira mwenye kalamu?

Donna amekata rufaa. Mimi nimeandika ushahidi wangu kwa mkono, ukurasa mmoja: kwamba nilimtunza Mzee Earl miezi kumi na minne, kwamba kila akitoka nje aliomba vumbi litolewe mwilini kabla hajaingia kwake, kwamba akili yake ilikuwa timamu, na kwamba niliyoyaandika mwanzo yalikuwa ujinga wangu. Tulikutana posta kuupeleka. Donna akatoa kalamu, akataka kutia sahihi chini ya yangu kama alivyozoea.

"Hapana, dada," nikamwambia. "Huu ni wangu."