Upande Wake wa Sahani

Binti yangu alikuja Alhamisi mchana, saa ambayo huwa yuko kazini. Nilikuwa kibandani nashona kochi la mtu. Nilipomwona nikajua kuna jambo. Hakukaa.

"Baba, Jumamosi tunakwenda kula chakula cha mchana na wazazi wa mchumba wangu."

"Wapi?"

Akanionyesha kwa kidevu lile jengo la vioo lililo karibu na benki.

"Juu kabisa. Ghorofa ya kumi na moja."

Nikaendelea kuvuta uzi. Jengo hilo naliona kila siku. Ndani sijawahi kuingia. Wanaokula kule wanashuka kwenye magari yao, na mlangoni kuna mtu kazi yake ni kufungua mlango tu.

"Mama yake ndiye kachagua," akasema. "Anataka kukuona kabla hajatoa neno."

"Neno gani?"

"La kukubali, Baba. Au kukataa."

Huyu ni kitindamimba wangu. Ana miaka thelathini na tatu, na kijana huyo ndiye wa kwanza kunitajia. Mama wa kijana ni mwalimu mkuu mstaafu, na kijana hajawahi kumvuka mama yake hata kwa rangi ya shati.

"Kaka yake alishafika mbali na msichana mmoja," binti akasema. "Wazazi wakakutana kula. Baba wa msichana akasukuma sahani ikiwa nusu. Yule mama akasema wamedharauliwa. Ikaishia hapohapo."

"Kwa sahani?"

"Kwa sahani, Baba."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mke wangu ana miezi saba kaburini. Tangu tumzike nakula mkate na chai, nimesimama jikoni, nusu ya akili iko nje. Watoto wananiletea vyakula, nawapa majirani. Hakuna aliyeniona nikila sahani, na mimi mwenyewe sikuwa nimejiona.

Jioni ile alikuja shemeji, mdogo wa kike wa marehemu mke wangu. Ameosha vyombo hoteli kubwa miaka ishirini na miwili, na mdomo wake haujawahi kwenda likizo. Alikuja na mfuko: sahani bapa, uma, visu, vitambaa viwili vyeupe. Binti akapika wali na nyama.

"Kaa, shemeji," akaniambia. "Ona mtu anaanza shule ana mvi mpaka puani."

"Na mwalimu mwenyewe ni wewe. Nimekwisha."

"Uma kushoto, kisu kulia."

"Mkono wa kushoto sijawahi kuupeleka mdomoni."

"Na mimi sijawahi kufundisha jiwe. Wote tumeanza leo. Usiushike hivyo! Hiyo si sindano ya makochi. Nyama imeshakufa, unaichoma ya nini mara ya pili?"

Binti akacheka mpaka akashika ukuta. Nikakata nyama kama nilivyoelekezwa, vipande sita. Nikatandika kitambaa mapajani. Nikataka kujifutia jasho, nikapigwa kofi mkononi. Nikala. Niliona nakwenda vizuri. Nilipomaliza nikalaza uma na kisu pamoja, kama alivyosema.

"Nimeshiba."

Shemeji akainua sahani aipeleke kwenye karo. Akasimama nayo mkononi.

"Shemeji. Hiki nini?"

"Kipi?"

Akairudisha mezani. "Mimi nimeona sahani. Mgonjwa anachokoachokoa. Mlevi anamwaga. Mwenye hasira anakata nyama yote halafu hali. Hii sijaiona. Hii ina mpaka."

Nikatazama. Wali ulikuwa umekatika katikati, umenyooka kama nimeupima kwa futi. Upande wangu, sahani nyeupe, hakuna punje. Upande wa pili hakuna aliyegusa. Na vile vipande sita vya nyama vilikuwa palepale katikati, vyote. Nilidhani nimevila.

 Binti ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo.

"Mama alikuwa anakaa hapo."

Ndivyo ilivyokuwa. Tulipooana tulikuwa na sahani mbili, moja ya wageni. Tukala moja. Baadaye alinunua dazeni nzima, watoto wakawa na zao, sisi tukabaki na ile moja. Miaka arobaini na moja. Yeye upande ule, mimi upande huu, nyama katikati. Nyama aligawa yeye. Alikuwa anaisukuma kwangu kwa kidole, bila kusema kitu. Katikati sikuwahi kupeleka mkono mwenyewe. Hatukuwa tumekubaliana hivyo. Ilikuwa hivyo tu.

Shemeji akavuta kiti. Utani ukamwisha.

"Kule," akasema, "sahani ikirudi hivi, mhudumu anauliza kuna tatizo gani. Ukisema hakuna, mpishi mwenyewe anatoka jikoni na kofia yake anakuja kuuliza. Mezani, watu wote wanatazama."

"Na mama wa mchumba wangu amekaa hapo," binti akasema.

Nikawaambia nitajikaza. Ni kula tu.

Ijumaa asubuhi nikajipakulia wali uliobaki. Nikafunga mlango. Nikala upande wangu, ukaisha. Nikazungusha sahani, upande wake ukaja kwangu. Mkono ukaenda, ukafika juu ya wali, ukasimama. Nikajilazimisha kijiko kimoja.  Nikakitema kiganjani kama mtoto anayepewa dawa.

Nikaenda kibandani. Nilivunja sindano mbili kabla ya saa nne. Mwenye kochi akaja kuuliza, nikamjibu vibaya, akaondoka. Mtu yule hakuwa amenikosea kitu.

Mchana binti akanikuta nyumbani, sahani iko mezani, nusu.

"Tuseme unaumwa," akasema.

"Siumwi."

"Basi tuahirishe, Baba."

"Tukiahirisha ataona nini?"

Akafikiri. "Ataona tunajificha."

"Haya."

Akavuta kigoda akakaa upande wa mama yake. Akanawa. "Labda ukiniona mimi nakula hapa utazoea," akasema, akapeleka mkono kwenye wali.

"Toa mkono!"

Sijamfokea hivyo tangu akiwa mdogo anachezea pasi ya moto. Alitoa. Punje zilikuwa bado vidoleni.

"Baba," akasema, "na mimi nimefiwa."

Akatoka kwenda kunawa nje. Nikasikia bomba linamwaga muda mrefu kuliko mikono inavyohitaji. Sikumfuata. Sikujua nikimfuata nitasema nini. Aliyekuwa anajua kusema naye ni mama yake, mimi nilikuwa nakohoa tu pembeni, na ikatosha.

Jioni shemeji akaingia anahema. Alikuwa amempigia simu mwanamke aliyewahi kufanya naye kazi, sasa yuko jikoni kule juu.

"Nimeuliza kila kitu. Sahani zao kubwa kama ungo, chakula chenyewe kidogo kama dawa ya minyoo. Wanakiweka katikati. Sahani saba, moja baada ya nyingine."

Binti akashika kifua. "Afadhali! Kidogo hivyo, Baba, si mdomo mmoja tu? Hakuna hata cha kubakiza."

 Shemeji alikuwa ananitazama mimi, na mimi natazama meza. Yeye alishaelewa.

"Katikati," nikasema.

"Ndiyo, shemeji. Zote saba."

Binti akatuangalia mmoja mmoja, furaha ikamtoka usoni. Wali ningeweza kupigana nao. Upande wangu ningekula, nikasema tumbo halitaki zaidi. Lakini kule hakuna upande wangu. Kuna katikati peke yake, na wa kugawa hayupo.

"Usiende," shemeji akasema. "Nitakwenda mimi. Nitasema mimi ni shangazi."

"Wewe ni mama mdogo."

"Kwani wananijua?"

"Nitakwenda," nikasema.

Jumamosi nilivaa suti niliyomzikia mke wangu. Sina nyingine. Binti akaipiga brashi mabegani, mara nyingi kuliko vumbi lililokuwepo. Shemeji akanifunga tai, akaikaza mpaka nikatoa ulimi.

"Ukikwama kunywa maji," akasema. "Ukikwama sana, angusha uma. Wakati wanaleta mwingine utakuwa umepumua."

"Na nikikwama baada ya hapo?"

"Unazo uma nne, shemeji. Angusha zote."

 Kwenye lifti masikio yakaziba. Nilitaka kumwambia nisamehe kwa ya jana. Mlango ukafunguka kabla sijapata maneno.

Meza ilikuwa karibu na dirisha. Kitambaa cheupe mpaka chini, glasi tatu mbele ya kila mtu. Kijana alisimama upesi akagonga meza, glasi zikalia. Mama yake ni mwanamke mfupi, miwani imefungwa kwa mnyororo. Aliniangalia toka kwenye mvi mpaka kwenye viatu, taratibu, kama anasoma daftari. Mumewe alinipa mkono akakaa, kimya. Nilimpenda kwa hilo.

"Karibu, mzee," mama akasema. "Umetusumbua kukupata."

"Asante, mama mwalimu. Kazi."

"Nimeambiwa ni fundi makochi."

"Ndiyo."

"Kazi ya kukaa, kwa hiyo."

"Wengine ndio wanakaa, mama. Mimi nasimama."

Mumewe akatabasamu kwenye glasi yake. Mama mwenyewe hakutabasamu. Binti yangu alikuwa amekunja vidole mapajani, vimekuwa vyeupe.

Sahani zikaja. Kama shemeji alivyosema. Samaki, kipande cha ukubwa wa kiberiti, katikati, na pembeni sahani tupu pande zote.

Mpango wangu ulikuwa nisubiri. Waanze wao, wazungumze, macho yao yaende kwingine, na mimi niangalie nitafanya nini. Lakini hakuna aliyeshika uma. Nikainua macho. Kijana ananitazama, baba yake ananitazama, mama mwalimu ameweka mikono mezani. Nikakumbuka kwamba mimi ndiye mkubwa kuliko wote pale. Walikuwa wananingoja mimi nianze.

Nikashika uma kwa kushoto. Nikashika kisu. Mkono ukafika juu ya samaki, ukasimama.  Binti akaniangalia mara moja, akarudisha macho kwenye kitambaa cha meza. Mhudumu alikuwa amesimama nyuma ya bega langu.

Nikaweka uma chini.

"Mama mwalimu," nikasema, "kabla sijaanza. Mimi nitabakiza chakula. Kila sahani. Sitaki useme nimewadharau."

Akavua miwani. "Chakula hiki kina nini?"

"Hakina kitu. Nimekula sahani moja na mke wangu miaka arobaini na moja. Amefariki. Upande wake siwezi kuugusa. Nimejaribu, nimeshindwa. Na kilicho katikati aligawa yeye."

Hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyosema mahali pamoja tangu msiba. Sikuwa na mengine. Kijana alimtazama mama yake kama mtu aliyeshtakiwa, anangoja hukumu.

"Sahani moja," mama akasema.

"Moja."

"Hamkugombana?"

"Tuligombana. Tulikula hivyohivyo."

Akamgeukia mumewe. "Sisi kila mtu na yake, miaka thelathini na nane. Hata sijui wewe kwenye kuku unapenda nini."

"Shingo," mumewe akasema. Ndiyo mara ya kwanza namsikia sauti.

"Shingo! Miaka yote hiyo unakula paja!"

"Ulikuwa unanipa paja."

Kijana akacheka, akajizuia, ikamshinda. Mama hakumtazama. Alikuwa bado anamwangalia mumewe kama mwanafunzi mgeni darasani. Kisha akavaa miwani.

"Anza, mzee. Pale utakapoishia tutakuwa tumepaona."

Nikashika kisu. Nikakata kile kipande katikati. Sikuwahi kugawa mimi. Nusu nikaisukuma upande ule, nusu nikaila. Ilishuka kwa taabu, lakini ilishuka. Ladha yake siijui mpaka leo. Wengine wakashika uma zao, isipokuwa binti yangu.

Mhudumu mwingine akaja kukusanya. Akaziondoa za waliomaliza. Alipofika kwangu akainama.

"Samahani, mzee. Kulikuwa na tatizo na samaki? Nimwite mpishi?"

Nikafungua mdomo. Mama mwalimu akainua kidole, kile cha kunyamazisha shule nzima.

"Usimwite mtu," akamwambia. "Mkwe wangu ndivyo anavyokula."

Mhudumu akachukua sahani. Binti yangu hakuinua kichwa, lakini neno lile alilisikia, maana hapo ndipo aliposhika uma, akaanza kula samaki wake aliyekwisha kupoa.