Ubeti wa Daraja Niliouacha

Nimekosa, na simtafuti wa kunitetea. Nina sauti nzuri, kijiji kizima kinajua, na kwa sauti hiyo nilimwumiza wifi yangu.

Ilikuwa enzi zile vyama vingi vimeingia, kila kukicha bendera mpya. Kwetu Tindiga mgombea akija, kikundi chetu cha ngoma ndicho kinampokea, na mwimbishaji ni mimi. Tunachokiimba ndicho anachokishika. Kule Mikumi walimlilia tembo wanaokula mashamba, basi akaondoka pale anahutubia habari za tembo tu, hata shule iliyoezuliwa paa hakuitaja.

Sisi tulikubaliana tuimbe daraja. Ubeti wenyewe aliutunga wifi yangu Mwajuma, mke wa kaka. Alikuwa mjamzito, na masika mto ukijaa, kufika hospitali Kilosa ni kudra tu.

"Wifi, usije ukausahau ubeti wangu," aliniambia asubuhi ile akinifunga kanga kiunoni. "Mwanangu atazaliwa masika."

"Nisahau nimelewa?" nikamjibu.

Uwanjani nikaanza na wimbo wa salamu. Watu wamepoa kama uji wa jana. Nikachukia, maana mimi sijazoea kuimba watu wakinitazama tu. Wiki ile ng'ombe walikuwa wameingia kwenye mpunga wa watu, hasira ziko juu. Nikatupa mstari mmoja: wenye ng'ombe warudi walikotoka.

Uwanja ukalipuka. Vigelegele, vumbi, mpaka wazee wamesimama. Nikaurudia, nikaurudia tena. Wifi akanivuta kanga. "Daraja, wifi." Nikautoa mkono wake.

Mgombea akashika kipaza sauti. "Nimesikia kilio chenu. Ng'ombe wataondoka."

Akapita, na ahadi akaitimiza, hilo simnyimi. Mgambo wakaja, wafugaji wakaondoshwa, na amri haikuchagua. Hata Mzee Masanja akaondoshwa, Msukuma jirani yetu, mkulima kama sisi, ambaye ng'ombe wake hawakuwahi kugusa shamba la mtu. Mto ukijaa, mzee huyo ndiye aliyekuwa akivusha wagonjwa kwa mkokoteni wake wa maksai. Kumbe daraja tulikuwa nalo, nikalifukuza kwa mdomo wangu!

Mvua zikaja. Uchungu ukamshika wifi, na mto umefurika. Tukakaa ukingoni, yeye kanilalia mapajani, kaka anaita ng'ambo na hakuna wa kumwitikia. Wifi hakunilaumu. Aliuliza mara moja tu, "Mzee Masanja hajarudi?"

Maji yalipopungua tukavuka, daktari akamwokoa yeye. Mtoto tulirudi naye amefungwa kwenye kanga, tukamzika.

Nikaenda Kilosa kwa mheshimiwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamlilia daraja. Hata hakukasirika.

"Mama, si wewe uliyekuwa unaimbisha? Mliniambia ng'ombe, nikashughulika na ng'ombe. Daraja aliniambia nani?"

Nilitoka bila kuaga, nikalia barabarani mchana kweupe, wapita njia wakidhani nimefiwa. Na kweli nilikuwa nimefiwa.

Kampeni zilipoanza tena, wakaja kuniomba wimbo. Nikawapeleka kwa wifi. Akasimama mbele ya watu na kisauti chake kile kidogo, akaimba ubeti wa daraja. Hakuna hata kigelegele kimoja. Basi nikapiga mimi, peke yangu, mpaka koo likakauka, na mwishowe akina mama wa nyuma wakaitikia.

Ewe unayenisoma, mgombea akija kwenu atabeba lile linalopigiwa kelele nyingi, hatarudi nyuma kuuliza limebaki nini. Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo, mtazame mwenye sauti ndogo hapo pembeni, ujue ana shida gani. Mimi sikumtazama, na alikuwa amenishika kanga.