Siku Hamsini na Tatu Bila Hata Kikohozi

Saa kumi na mbili asubuhi, jiko la hospitali linafuka mvuke. Mpishi mkuu, mama wa miaka hamsini na miwili ambaye wenzake humwita Mama Karai, anakoroga uji wa wagonjwa kwa mwiko mrefu. Barakoa imembana, jasho linamtiririka, na hana subira na mtu.

"Usiniulize naendeleaje," anamkatiza mwandishi. "Sikuumwa hata siku moja. Hilo ndilo lililoniudhi."

Ilianza wafanyakazi wote wa jiko walipopimwa. Yeye hakuwa na homa wala kikohozi. Alipiga chafya mara moja tu, akailaumu pilipili. Majibu yakaja: ana virusi vya korona. Akaambiwa ajitenge nyumbani, asirudi kazini mpaka vipimo viwili mfululizo viwe safi.

Wiki mbili zikawa nne. Nne zikawa sita.

"Kila Jumatatu wananichokonoa pua, utadhani wanachimba mafuta. Majibu neno moja: bado. Bado nini? Ningekuwa naumwa ningeelewa!"

Akawa mfungwa wa chumba cha uani. Mumewe, ambaye hakuwahi kuchemsha hata chai, alimwachia sahani mlangoni.

"Wali juu mbichi, chini umeungua. Nikamwambia, baba watoto, korona imeshindwa kuniua, usiimalizie kazi."

Majirani wakaanza kumsalimia kwa mbali. Wifi yake akasema waziwazi kwamba anakwepa kazi.

Daktari alimweleza kwa simu kwamba wapo watu ambao virusi hukawia mwilini wiki nyingi bila dalili.

"Nikamuuliza, sasa naambukiza au siambukizi? Akasema, 'Mama, hatuna hakika. Ndiyo maana tunakuomba uvumilie.' Angalau huyo hakunidanganya."

Wiki ya saba, binti yake aliyejifungua siku chache nyuma alimleta mtoto mpaka dirishani. Bibi alipoinua mkono kugusa kioo, binti akarudi nyuma hatua moja.

"Hakukusudia," anasema, sauti imeshuka. "Lakini siku hiyo nililia, na mimi silii ovyo."

Siku ya hamsini na tatu, kipimo cha pili mfululizo kilitoka safi.

Jumamosi hii anaanza likizo. Anakwenda kukaa kwa binti yake wiki nzima, amwogeshe mjukuu kwa mikono yake.

"Nitambeba mpaka alie," anasema, akiepua sufuria. "Na akilia, simpi mtu."