Sura ya Daktari Penko Getini

Bistra wa posta alikuwa na tabia moja ambayo wachoraji wengi wakiisikia tu hukimbia: alipenda kukosolewa. Akimaliza picha, haifichi kabatini. Ataivika mfuko wa plastiki, aitie kwenye begi la barua, aizungushe kijiji kizima cha Gorna Lipa, kule milimani, pamoja na bili za umeme na kadi za sikukuu. Anagonga mlango, anatoa barua, anatoa na picha. "Haya, semeni. Wapi nimeharibu?" Na watu wa Gorna Lipa, kwa kusema, hawajambo!

Uchoraji hakuusomea popote. Alilelewa na bibi yake mzaa mama, na yule bibi hakujua kumlaza mtoto bila kumtia hofu kwanza. Kila siku joka la mlimani linalokuja kuposa wasichana, kila siku wale wanawake weupe wa chemchemi wanaocheza alfajiri, ukiwaona umerukwa na akili. Wenzake walikua wakayasahau mambo hayo. Bistra aliyameza yakamkaa. Alifika miaka hamsini na tatu, mjane, goti moja bovu, na bado mtu akisimama mbele ya dirisha la posta alimwona na kitu cha ziada. Stameni mwokaji mkate alimchora joka linalotoa moshi puani. Kliment mpiga kengele ya kanisa alimchora kunguru wamejenga ndani ya ndevu zake. Gena mwenye duka alimpa pembe za kulungu, matawi kumi na mawili, na zilimpendeza kweli.

"Pembe nimezipenda," Gena alisema, ameishika picha mbali na macho. "Ila pua hii si yangu. Hii pua ya shemeji yangu, na mimi na yule mwanamke hatuongei."

"Pua nitaibadilisha."

"Ibadilishe leo leo, kabla hajaiona akajisifu."

Bistra akacheka, akaandika katika daftari lake: Gena, pua. Alikuwa na madaftari manne yaliyojaa makosa yake mwenyewe kwa mwandiko mzuri. Usiku alikaa na penseli zake, ngumu na laini, na kipande cha mkate. Ile nyama nyeupe ya ndani aliifinyanga mpaka ikawa donge, ndiyo iliyokuwa ufutio wake. Mficha uchi hazai, na huyu mama hakuficha kitu. Mimi nimekaa na watu wengi wenye vipaji vikubwa kuliko chake, lakini moyo kama ule sijauona.

Mkosoaji mkuu alikuwa Daktari Penko. Alikuwa daktari wa mifugo, miaka arobaini amezalisha ng'ombe wa wilaya nzima, na mifupa aliijua kuliko alivyowajua jirani zake. Sasa amestaafu, mkewe ameshafariki, na binti yake wa pekee, Ralitsa, yuko Hispania anapika katika hoteli. Miaka sita hajatia mguu nyumbani. Wanapigiana simu Jumapili. Daktari humtumia picha: mimi hapa na boga, mimi hapa na kapu la uyoga, anacheka meno yote nje. Na kila Ijumaa huja posta, huinama dirishani na kuuliza, "Kuna chochote?" Ralitsa hajawahi kuandika barua maishani mwake. Penko alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote, na bado aliuliza.

Mwezi wa Februari alizipanga picha za Bistra juu ya kaunta, moja moja, asiseme neno. Kisha akasema yote kwa mpigo.

"Huyu umempa mabawa kwa sababu shingo imekushinda. Huyu umempa ndevu za moshi kwa sababu kidevu hukiwezi. Pembe, magamba, manyoya, vyote hivi ni shuka juu ya kitanda kisichotandikwa."

"Lakini Daktari, ndivyo ninavyowaona."

"Najua. Na unavyoona si vibaya. Lakini unajificha humo, binti. Niletee uso mmoja mtupu, bila bawa wala jani. Tuone kama unaweza."

Bistra aliumia. Nasema waziwazi, maneno yale yalimuuma kuliko yote yaliyokuwa katika madaftari manne, maana alijua ni ya kweli. Alifunga posta, akaenda zake nyumbani, akajiambia maneno mawili tu: nitamchora yeye mwenyewe, na nikishindwa, naacha. Penseli zote motoni, madaftari nayo. Miaka thelathini ya kucheza inatosha. Na hakuwa mtu wa kutishia.

Alimchora miezi mitatu. Hakumwomba akae mbele yake, alimwiba. Kila Ijumaa Penko akiinama dirishani na kuuliza, Bistra alijibu, "Leo hakuna, Daktari," na kwa nukta ile moja, kabla mzee hajajikusanya na kutia mzaha, aliutazama uso wake kwa nguvu zote. Akienda tu, alichora haraka nyuma ya fomu za vifurushi. Shingo peke yake ilimtesa wiki tano. Mkono uliwasha kutia kitu, walau jani moja sikioni. Akalitia. Akalifuta kwa mkate. Mwishoni mwa Mei aliitazama akaona hajui tena kama ni nzuri au mbaya, na hapo ndipo mchoraji anapohitaji jicho la mwingine.

Sasa sikiliza kosa lake, maana kosa hili lingeweza kufanyika kule tu. Kule milimani msiba hubandikwa. Mtu akifa, karatasi yenye sura yake, nyeusi na nyeupe, hupigwa pini getini kwake, kwenye nguzo, kwenye mlango wa duka. Siku arobaini zikitimia hubandikwa nyingine, na mwaka ukitimia nyingine tena. Watu huzisoma kila asubuhi wakienda kununua mkate. Bistra mwenyewe alikuwa amezipita maelfu. Lakini mtu aliyeshikwa na hofu ya mtihani hana akili ya pili. Aliona haya kumkabidhi Daktari picha mkononi. Ijumaa alfajiri, kabla ya kupeleka barua vijiji vya bondeni, alisimamisha gari la posta mbele ya nyumba ya Penko, akaibandika picha getini kwa pini nne, ndani ya plastiki kwa sababu kulikuwa na manyunyu. Chini alikuwa ameandika kama mchoraji mwenye adabu: Penko. Kwa heshima. Na tarehe aliyoimaliza, ambayo ilikuwa ya jana yake. Kisha akapanda gari akaondoka.

Bibi Tota, jirani wa ng'ambo ya barabara, ndiye aliyeiona kwanza. Alijishika kichwa, akapiga ishara ya msalaba mara tatu, akapiga ukelele. Watu wakatoka na slipa. Waligonga, hakuna jibu. Simu iliita ndani mpaka ikachoka, maana Penko akienda kutafuta uyoga huiacha mezani, na siku ile alikuwa ameondoka gizani.

"Nilisikia gari alfajiri," Bibi Tota alisema, analia. "Nikajiuliza gari gani saa hizi. Kumbe wamekuja kumchukua!"

"Basi yuko mochwari mjini," Gena akasema. "Masikini, hata hakuaga."

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kliment akaenda kupiga kengele. Gena akapiga picha ile karatasi kwa simu, akamtumia Ralitsa, kisha akampigia, wakalia pamoja. Ngano ya kumkumbuka marehemu ikachemshwa, ikatiwa sukari, ikawekwa getini. Kufikia saa kumi jioni geti la Penko halionekani kwa maua, na kila shada limehesabiwa shufwa, maana witiri ni kwa walio hai. Stameni alifunga tanuri. Alisimama mbele ya picha akasema kwamba huyu mzee alikesha siku mbili akimtibia punda, na hakumdai hata kikombe cha kahawa.

Bistra alirudi wakati huohuo. Aliona umati. Akafurahi, jamani! Akafikiri wamekuja kuitazama picha. Alishuka kwenye gari anatabasamu.

"Haya, semeni. Wapi nimeharibu?"

Watu wakamgeukia. Kisha akayaona maua, akaanza kuyahesabu, akaona sita, akaona nane, na hapo akaelewa.

Na Mungu naye ana mizaha yake. Wakati uleule Penko alitokea kwenye kona, kapu mkononi, majani kwenye nywele.

Bibi Tota alikaa chini palepale barabarani. Kliment akarudi nyuma akamkanyaga Gena.

"Nani kafa?" Penko akauliza.

Mtu mmoja akanyoosha kidole getini. Penko akasogea, akajikuta anatazamana na yeye mwenyewe, bakuli la ngano ya msiba chini ya kidevu chake.

"Daktari," Bistra alisema, "ni mimi. Nilitaka uniambie kuhusu shingo."

"Shingo!" Penko akafoka. "Nimezikwa nikiwa hai, nawe unauliza shingo? Umeniua, Bistra! Umeniua kwa penseli!"

"Nitaitoa sasa hivi."

"Usiguse kitu. Nani amempigia binti yangu? Msiniangalie hivyo, nani?"

Gena akainua mkono kama mtoto wa shule. Penko alifungua geti kwa teke, akaingia ndani, akapiga simu mara ishirini. Imezimwa. Gena akatuma ujumbe: baba yako mzima, ni kosa, utusamehe sana mwanangu. Baadaye ilionekana ujumbe umesomwa. Jibu halikuja.

Watu wakaondoka mmoja mmoja, kila mtu na maua yake, wengine wanacheka kwa aibu, wengine hawacheki. Bistra alifika kwake, akazikusanya penseli zote na madaftari manne, akaviweka kwenye kapu la kuni kando ya jiko. Hakuwasha moto kwa sababu kulikuwa na joto. Alijiambia: asubuhi. Lakini kulala hakulala. Alimwona Ralitsa kule ugenini ameanguka sakafuni, na yeye ndiye aliyemwangusha, kwa kutaka sifa.

Asubuhi alioka mkate wa tabaka wa jibini, akaenda kuomba radhi. Alishangaa kukuta picha bado iko getini. Penko alikuwa ameketi kwenye ngazi, hajanyoa.

"Hajapiga," alisema kabla hajasalimiwa. "Amekasirika. Ana haki."

"Nisamehe, Daktari. Nimeacha kuchora. Sitachora tena."

Penko alimpisha kidogo kwenye ngazi, wakakaa na mkate katikati yao, hakuna aliyeukata. Hata saa moja haikupita, teksi ya mjini ikasimama. Akashuka mwanamke mwenye kibegi kimoja kidogo, viatu vya kazini bado miguuni.

Penko aliinuka vibaya, akashika ukuta. "Ralitsa! Hukupata ujumbe? Mimi mzima! Ni kosa lilikuwa, ni huyu Bistra na mambo yake!"

"Niliupata, baba, simu ilipopata chaji. Nilikuwa bado uwanja wa ndege, hata kwenye foleni sijaingia."

"Sasa mbona umekuja? Ungerudi kazini kwako."

Ralitsa alikuwa amesimama mbele ya geti, anaitazama picha, kisha akamtazama baba yake, kisha picha tena.

"Nilitaka kurudi. Nilishaugeukia mlango. Lakini nilikuwa nimeshaiona hii kwenye simu." Akaweka kidole juu ya plastiki, penye macho. "Miaka sita unanitumia maboga, baba. Unacheka. Sikujua kwamba uso wako uko hivi nisipokuwepo."

Penko akafungua kinywa kutia mzaha, kama kawaida yake, na mzaha haukuja. Ralitsa akamkumbatia kwa nguvu, kibegi kikaanguka, na mzee yule aliyekuwa na neno kwa kila kitu akalia bila kujificha, mbele ya barabara nzima.

Bistra aliona hapa si mahali pake. Alipita kando yao kimyakimya, akaanza kuing'oa pini ya kwanza.

"We Bistra," Penko alisema, sauti imejaa machozi. "Sikio la kushoto umeliweka juu."

"Ndiyo, Daktari. Naliona sasa."

"Liache. Usiguse chochote hapo."