Talaka Aliyoniwekea Mume Wangu Mlangoni mwa Chumba cha Joto

Admin, nakuomba jina langu ulifunike kabisa, maana Ukunda hii sote twajuana na ukurasa wako hata mawifi zangu wanaufuata. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, Mdigo, nimeolewa na nina watoto wawili. Sijawahi kuanika mambo ya nyumba yangu mbele za watu. Leo nimeshindwa.

Nafanya kazi Diani, kwenye studio ya mazoezi. Kuna chumba kinachotiwa joto hadi jasho likutiririke. Mnafanya yoga, yaani kujinyoosha na kupumua kwa utaratibu, kisha mnanyanyua vyuma humo humo. Mwenyewe ni dada wa bara, na baadhi ya asubuhi amewatengea kina mama wa hapa kwetu: mapazia yanafungwa, simu zinaachwa mezani, mwanamume hakaribii. Nilianza kwenda kwa ajili ya mgongo, baada ya kujifungua mtoto wa pili. Mgongo ukapona, nguvu zikaja, nikaajiriwa kupokea watu mezani na kumsaidia yule dada kuwaelekeza kina mama, maana Kiswahili chake, Mungu amsamehe.

Balaa lilianzia barazani. Watu walimwambia mume wangu kwamba yoga ni ibada ya dini nyingine, na kwamba wanawake mle ndani hukaa uchi. Nilimweleza kwamba hakuna kinachoabudiwa mle ila feni tukitoka. Hakucheka. Akaniita mbele ya mama yake akasema, "Kazi ya mezani sikukatazi. Lakini siku utakayotia mguu chumba kile cha joto, talaka yako umeichukua." Mavyaa wangu alikuwa ameketi pale pale mkekani, akaitikia kwamba nimsikilize mume wangu.

Nilimsikiliza. Nilikasirika, lakini nilimsikiliza. Nampenda yule mtu, na talaka kwetu si neno la kuchezewa. Nikabaki mezani nikitundika mabuibui ya wenzangu huku nasikia vyuma vinagongana ndani.

Haukupita muda, nani anaingia pale mlangoni? Mavyaa mwenyewe. Nilimwamkia shikamoo nikidhani amekuja kunichunguza. Akaniinamia sikioni, akasema magoti yamemshinda, siku nyingi anaswali juu ya kiti, na ananiona mimi ninavyoinuka kwenye sijida bila kushika ukuta. Alitaka kusujudu chini tena kabla hajafa. Kwa mwanawe alikuwa ameaga kwamba anakwenda kukandwa. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nikapokea buibui lake nikalitundika, nikafunga mdomo wangu. Yule dada, ambaye ndiye mwalimu, alimwanzisha taratibu, na ikafika siku nikamwona nyumbani, kwa macho yangu, ameweka paji la uso juu ya mswala. Alikaa pale chini muda mrefu akilia.

Basi Alhamisi moja ya Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, alikuja akiwa amefunga zile sita za sunna, na hakumwambia mtu. Mwalimu ana sharti kwamba kila mmoja anywe maji kabla ya kuingia. Mavyaa aliinua chupa akaiweka mdomoni kama anayekunywa, akapita. Katikati ya darasa nikasikia kishindo, kisha kelele. Mlango ukafunguka, mwalimu akaniita, "Ni mama yako ameanguka. Kuja unisaidie, siwezi kumuinua." Mavyaa ni mwanamke wa mwili, na waliokuwamo siku ile ni watu wazima waliokuja na maumivu yao.

Nilisimama kizingitini. Sitawadanganya, nilisimama. Joto lanipiga usoni, namwona amelala chali macho yamepinduka, na maneno ya mume wangu nayasikia moja moja. Kisha nikaingia. Nikampitisha mikono kwapani nikamvuta hadi nje, nikamlaza chini ya feni, nikamlowesha uso na kumtia maji mdomoni. Alipofumbua macho alinitazama, akautazama na ule mlango.

"Umeingia?"

"Nimeingia, mama."

Akanishika mkono kwa nguvu. "Hukuingia. Na mimi hapa sikuja."

Tangu hapo sina amani. Nilimpigia simu sheikh mmoja nikijifanya naulizia jirani yangu. Alinisikiliza kwa upole, akaniambia mambo haya hurudi kwenye nia ya mume alipotamka, kama alikusudia kuacha kweli au alitaka kumzuia tu. Akasema jirani yangu amuulize mumewe. Nikamshukuru nikakata simu. Nilipomweleza mavyaa, alilia akaniomba nisimwaibishe kwa mwanawe. Anajua akifichuka hatarudi tena studio, na kiti chake cha kuswalia kinamngoja. Siwezi kumsamehe, wala siwezi kumtupa.

Na mume wangu ananiumiza zaidi kwa kuwa amekuwa mwema. Anajisifu barazani kwamba alimwambia mkewe mara moja tu akasikia. Akinikaribia nasema kichwa, nasema tumbo, nasema uchovu. Udhuru umeniishia. Juzi aliniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama kuna mtu mwingine. Nikasema hakuna. Akageukia ukutani.

Nikimwambia, namwanika mama yake, na huenda akanijibu kwamba ndiyo, alikusudia. Nikinyamaza, nampakulia chakula kila siku bila kujua kama nampakulia mume wangu au niko edani kama mke aliyeachwa, na siku zangu za kurejewa zinakwisha.

Ndugu zangu, hasa nyinyi kina mama wenye ndoa za miaka mingi, mnaweza kunikaripia lakini msinitukane. Magharibi atarudi kutoka dukani, na najua ataniuliza tena. Nimjibu nini?